Siku Shangazi Alipompeleka Mama Kuolewa Wazo

Kila ninayekutana naye kijiweni ananiuliza, "Idi, ilikuwaje?" Nikifungua mdomo tu, mwingine anadakia na toleo lake alilolisikia mtaani, kwamba nilipigwa Buguruni. Sikupigwa. Nilikaribia kupigwa, na hiyo ni habari nyingine. Sasa nimekaa nimeiandika yote. Pitishianeni msome, halafu mniache ninywe kahawa yangu kwa amani.

Habari za posa, vikao, na nani alinuna kwa kutoalikwa naziruka. Nyingi mnazijua kuliko mie. Nitasema la msingi tu. Mama yangu, Bi Zuhura, mjane wa siku nyingi, alipita Wazo akitoka msibani akanunua mche wa mlimao kwa mzee anayeuza miche kando ya barabara. Jina lake Mzee Athumani. Mlimao ukafa. Mama akarudi Wazo kulalamika. Akapewa mwingine, huo haukufa, na bado akarudi kulalamika. Hapo ndipo nilipojua kwamba ishu si mlimao.

Ndoa ikapangwa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa Mzee Athumani. Nilitaka kukodi gari zuri. Mama akakataa katakata.

"Pikapu ya baba yako ndiyo iliyonileta Mbagala, godoro langu juu," alisema. "Ndiyo itakayonitoa."

"Mama, baba angesema nini?"

"Angesema uangalie maji kwenye rejeta."

Kutoka Mbagala

Kwa wasiomjua, Shangazi ni hiyo pikapu. Ni ya zamani, ya zile zenye taa za duara na bodi ambalo ukiligonga ngumi, kinachovimba ni mkono. Tulimwita Shangazi kwa sababu hakupi kitu mpaka umbembeleze. Baba aliishi naye hivyo, akaniachia urithi huo wa kubembeleza. Mie kazi yangu ni fundi wa friji, na niwaambie ukweli, friji halijawahi kunizimikia katikati ya barabara.

Asubuhi ile nilisafisha plagi, nikapiga pointi msasa, nikajaza maji na oili. Mlango wa abiria ulikuwa haushiki, nikaufunga kwa kamba ya manila. Nyuma tukapakia kitanda cha mbao, godoro, kabati la vyombo, masufuria ya pilau na kochi moja ambalo Mama alisema hawezi kukalia la mtu mwingine. Mama mwenyewe alivaa baibui jipya, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, kajifukiza udi hata harufu ya petroli ikaona aibu.

Betri ilikuwa na nguvu ya kuwasha taa tu, siyo injini. Basi majirani wakasukuma. Akina mama wakapanga mstari wakipiga vigelegele. Shangazi akakohoa, akashika, akawatemea moshi mzito mweusi, na vigelegele vyote vikageuka kikohozi. Tukaondoka. Sikuangalia nyuma. Hata ningetaka nisingeweza, maana kioo cha nyuma kilikuwa kimezibwa na kochi.

Mtongani

Hatukufika mbali. Tulipokaribia Mtongani nikasikia harufu ya petroli kali kuliko kawaida. Nikaegesha pembeni, nikalala chini ya gari. Tangi lilikuwa linavuja tone kwa tone penye mshono. Dawa yake naijua tangu utotoni, ni sabuni ya mche. Nikakimbilia dukani.

"Ya kufulia au ya kuogea?" akauliza muuzaji.

"Ya tangi."

Akanitazama. "Tangi la maji?"

"La mafuta."

"Braza, mafuta hayaoshwi na sabuni hii, chukua ya unga."

Sikuwa na muda wa kumwelimisha. Nikachukua kipande, nikarudi chini ya gari, nikaifinyanga mkononi mpaka ikalainika, nikaibandika kwenye ufa na kuigandamiza. Tone likapungua, likaacha. Nikiwa bado nimelala huko, nikaona ndala mbili zimesimama karibu na kichwa changu.

"Braza, tatizo nini?" Jamaa akainama aone vizuri. Mdomoni alikuwa na sigara inawaka.

Sijui niliongea lugha gani. Nilitoka kule chini kama panya aliyemwagiwa maji ya moto, nikamsukuma jamaa mpaka akaangukia mtaro. Sigara ikazimikia humo. Alipoinuka alikasirika kweli, na mie namwelewa, alikuja kusaidia akasukumwa.

"Nyie watu hamna shukrani!" alisema akikung'uta suruali.

Mama alikuwa ametoa vitumbua kwenye mkoba. Akampa viwili kupitia dirishani. "Msamehe mwanangu," akasema. "Anamwoza mama yake leo, hana akili timamu." Jamaa akavila palepale, hasira ikaisha, akatusukuma tukawasha.

Buguruni

Tukapita Tazara vizuri, na mie nikaanza kupiga mluzi. Sijui nilijisahau vipi. Jua lilikuwa limewaka, foleni imekaza, na tulipofika Buguruni Shangazi akazimika. Nikajua mara moja kwamba pampu ya mafuta imepata joto, petroli inageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Haina matengenezo hiyo. Unafunika pampu kwa kitambaa kilicholowa, unasubiri ipoe. Nikavua shati, nikalilowesha, nikaifunika. Nikabaki na fulana yenye matundu.

Sasa jiwekeni mahali pa mpita njia. Mnaona mama mtu mzima kakaa ndani ya gari bovu, kimya, jasho linamtiririka usoni kama machozi. Nyuma kuna kitanda chake, godoro lake, masufuria yake. Nje kuna dume zima limevaa fulana chakavu linapiga teke tairi.

Wa kwanza kuja alikuwa mama ntilie mmoja, mwiko bado mkononi. Akamsalimia Mama kwa adabu, akatazama mizigo, akatikisa kichwa.

"Pole, mama. Nani kakutoa nyumbani?"

Mama akavuta pumzi. "Mwanangu," akasema, akininyooshea kidole, "ndiye anayenihamisha."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyotaka kuniua.

"Huyu?" Mwiko ukanielekea. "Wewe! Unamtoa mama yako? Kwa ajili ya mwanamke, sivyo?"

"Dada, sikiliza, mie sina hata mke."

"Na atakaa na wewe nani, na roho hiyo!"

Watu wakaanza kujaa. Wabeba mizigo wakaacha mizigo. Mzee mmoja akasema watoto wa siku hizi wanastahili viboko hadharani, na kijana mmoja akauliza nani ana fimbo, kwa sauti ya mtu aliyejitolea. Nikamgeukia Mama.

"Mama, waambie basi!"

"Niwaambie nini? Kwani uongo? Hunihamishi?"

"Waambie unakwenda wapi!"

Akawaacha kidogo zaidi. Namjua Mama, alikuwa anafaidi. Mpaka yule wa fimbo alipopata ubao, ndipo akatoa mikono nje ya dirisha, akaionyesha hina.

"Nakwenda kuolewa," akasema. "Wazo."

Buguruni ikalipuka. Yule mama ntilie alipiga kigelegele kilichonifanya niinamishe kichwa nikidhani mwiko umefika. Wakamzunguka Mama, wakataka kujua bwana ana umri gani, ana meno, anaswali, ana watoto wakorofi. Tukaletewa sahani ya wali maharage na samaki. Mie nikapewa kichwa cha samaki, nadhani bado walikuwa na wasiwasi na mie. Yule mzee wa viboko akanikumbatia na kuniombea dua ndefu, na hata pampu ikapoa kabla hajaitikiwa amina.

Mwananyamala

Ilibidi tukunje kupitia Kigogo na Magomeni kwenda Mwananyamala kumchukua mjomba Shabani, mdogo wake Mama. Ndiye walii wake, bila yeye hakuna ndoa. Tulimkuta na bukta, kanzu yake iko kwa mpiga pasi.

"Dada, nilidhani mtachelewa," alijitetea.

"Tumechelewa, Shabani! Sasa na wewe umechelewa kutusubiri!"

Nilipozima gari mbele ya nyumba yake nikasikia mlio kama wa nyoka. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yanaruka mpaka kwenye ukuta wa jirani. Nikatafuta kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakikata ukanda mrefu, nikauzungusha kwenye mpasuko nikivuta kwa nguvu zote, tabaka juu ya tabaka, nikaukaza na waya. Kazi ndogo, ila lazima injini ipoe kwanza au uungue mikono. Niliungua mikono.

Mama alikuwa amekaa kwenye kibaraza. Adhuhuri ilishapita. Simu yake ikaita, akainuka akasogea pembeni, lakini nilimsikia.

"Nakuja," alikuwa anasema. "Gari linapumzika kidogo. Nakuja, Mzee."

Ile sauti ilikuwa laini, ina kicheko ndani yake. Zamani nilikuwaga naisikia nyumbani, nikiwa mdogo, nikidhani ndiyo sauti yake ya kila siku. Nilisimama na koleo mkononi kama mjinga.

Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. "Wanawe Mzee wameanza kusema bibi wa Mbagala ameghairi," akaniambia. "Na sheikh ana safari jioni. Akiondoka, mpaka apangiwe siku nyingine, na hao watoto wake wakipata siku nyingine watapata na maneno mengine."

Nikajibu jambo ambalo sikulipanga. "Mama, kama kweli unataka kughairi, hakuna atakayekulaumu. Tutasema gari."

Akanitazama. Sikuweza kumtazama, nikaangalia mpira wa rejeta.

"Idi," akasema, "anayetaka nighairi ni wewe."

"Mie nataka nini? Mie nimesema tu."

"Mwanangu, nimeuguza mume, nimezika, nimelea. Wewe mwenyewe ukitoka kazini unakula, unaosha sahani, unalala. Mtoto mzuri. Lakini nataka mtu wa kuzozana naye asubuhi kuhusu chai. Unanielewa?"

Nilielewa. Sikupenda, ila nilielewa. Nikamimina maji kwenye rejeta, nikangoja kuona kama yatavuja. Hayakuvuja.

"Haya panda," nikamwambia. "Mjomba! Kachukue hiyo kanzu hata kama ina mikunjo!"

Mwenge hadi Tegeta

Mjomba Shabani alikataa kubanana na sisi mbele. Alipanda nyuma akaketi kwenye kochi, kanzu nyeupe, kofia ya vito, akiangalia tulikotoka na kupungia watu mkono kama rais mstaafu. Barabara ya Bagamoyo yote ilimpigia honi. Mwenge askari wa barabarani akatusimamisha.

"Huyo mzee wa nyuma anakwenda wapi?"

"Kuozesha, afande."

"Ataozesha akiwa mzima au akiwa maiti? Ashuke akae ndani."

Alikuwa na haki, sikubisha. Mjomba akashuka kwa huzuni kubwa, akajibana dirishani. Mama akawa katikati, gia iko kati ya magoti yake. Mbaya zaidi gia ya nne ilikuwa inaruka, kwa hiyo kila nikiiingiza ilibidi Mama aishike kwa mikono miwili isitoke, hina na yote.

"Achia!" nasema nikitaka kupunguza.

"Nimeachia!"

"Dada, kiwiko chako kiko kwenye mbavu zangu."

"Shabani, mbavu zako ziko kwenye kiwiko changu."

Tukapita Lugalo kambini nikisali kimoyomoyo, maana pale hata Shangazi anajua si mahali pa kusimama bila sababu. Tukapita Afrikana. Upepo ukaingia, Mjomba akaanza kuimba kaswida, Mama akaitikia. Kwa dakika chache tulikuwa familia inayokwenda harusini.

Tegeta nikakanyaga mafuta, pedali ikashuka mpaka chini na haikurudi. Shangazi akabaki ananguruma kwa unyonge bila kusogea. Waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta, ulikuwa umekatika.

Tegeta hadi Wazo

Adhana ya alasiri ilishatoka zamani. Simu ya Mama ikaita tena, asiipokee. Akaniangalia tu, na nikaona kwa mara ya kwanza siku ile kwamba anaogopa. Si gari alilokuwa analiogopa.

Nikafungua boneti. Dukani kokote kuna waya wa baiskeli unaofaa, lakini muda wa kuutafuta na kuufunga hatukuwa nao. Nikaifungua ile kamba ya manila iliyoshika mlango, nikaifunga kwenye mkono wa kabureta, nikaipitisha juu na kuiingiza dirishani. Boneti nikaiegesha bila kuibana. Ukiivuta kamba, gari linakimbia. Ukiilegeza, linapoa.

"Mjomba, wewe shika mlango usifunguke. Mama, nitakuwa na klachi, breki na usukani. Anayevuta kamba nani?"

Mjomba alikuwa ameshaunyoosha mkono. Mama akampiga kibao kwenye mkono.

"Nipe mimi."

"Mama, taratibu. Ukisikia nasema vuta, vuta kidogo."

"Idi, nimevuta maji ya kisima miaka yote, leo unifundishe kuvuta kamba."

Jamani. Mimi nimeendesha gari muda mrefu, lakini sijawahi kuendeshwa nikiwa kwenye usukani. Tulipoacha lami kupanda Wazo, vumbi la saruji la kiwandani limetanda, malori yanapishana, Mama aliivuta ile kamba kama anatoa ndoo yenye ng'ombe ndani. Shangazi akanguruma kwa sauti ambayo hata baba hakuwahi kuisikia. Masufuria yakaanza kupigana nyuma.

"Mama legeza!"

"Nimelegeza!"

"Hujalegeza!"

"Wameanza kusema nimeghairi!" akapiga kelele, akavuta tena.

Mjomba alikuwa ameacha kaswida, sasa anatoa shahada. Kuku wakaruka, bodaboda wakaingia vichochoroni, na tukatokea kwenye uwanja wa Mzee Athumani kwa kasi ambayo niliisimamisha kwa miguu miwili juu ya breki. Tulisimama kati ya turubai la wageni na safu za miche. Vumbi likatupita, likawafunika wageni wote, likashuka taratibu juu ya pilau.

Wote walikuwa wamesimama. Nadhani walitaka kukimbia. Mzee Athumani akatoka mbele, mwembamba, kanzu imempwaya, macho yamemtoka. Akaja upande wa Mjomba na kusimama hatua chache kutoka dirishani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Hakuwa ananitazama mie. "Zuhura. Nilidhani umeghairi."

Mama alikuwa bado ameshika kamba, imemwachia alama nyekundu juu ya hina.

"Nimechelewa," akasema. "Sijaghairi."

Yule mzee akacheka, halafu akajifuta macho na mkono wa kanzu. Aliposhika mlango amfungulie, ulibaki mkononi mwake nusu, akaubeba hivyohivyo kama sinia mpaka Mama aliposhuka.

Sheikh alikuwa ameshafunga mkoba wake. Akaufungua. Mjomba Shabani akamwoza dada yake akiwa na alama ya vidole vya grisi kwenye bega la kanzu, vidole vyangu, na sauti yake ilitetemeka, ingawa baadaye alidai ni vumbi. Mama akaitwa ndani. Wale watoto wa Mzee Athumani, watu wazima wenye ndevu zao, wakanisaidia kushusha kitanda. Kochi likaingia kwa shida, mlango mdogo. Mkubwa wao akaniuliza taratibu, "Kaka, huyu mama yuko hivi siku zote?"

"Siku zote," nikamwambia. "Poleni."

Baadaye Mama alinitengea chakula mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu alinipa sahani ya wageni, ile ya maua, na kuuliza kama nyama inatosha. Nikasema inatosha. Akasimama kidogo pale, kisha akaitwa ndani na mtu, akaenda.

Kurudi

Mjomba alilala hukohuko, alishalewa pilau. Mie nikatafuta waya wa breki za baiskeli kwa fundi wa jirani, nikaufunga kwenye kabureta, nikajaribu pedali, ikaitika. Mlango nikaufunga upya. Betri ilikuwa imejichaji njiani. Mama na Mzee Athumani wakasimama kwenye miche kuniaga, na wageni kadhaa wakajikusanya nyuma ya gari tayari kusukuma.

Nikageuza ufunguo. Shangazi akawaka mara ile ile, bila kikohozi, bila moshi. Watu wakapiga makofi. Nikapunga mkono nikaondoka.

Mnaniuliza kurudi kulikuwaje. Kurudi hakukutokea kitu. Tegeta nikapita. Mwenge, ule muda wa magharibi, foleni ipo lakini gari halikuchemka. Pampu haikupata joto, mpira wa rejeta ulikaa, tangi halikutoa hata tone. Bodi tupu kule nyuma lilikuwa linagongagonga, basi. Sijawahi kuendesha Shangazi namna ile, na sijawahi kuchoka namna ile.

Nilipofika Sabasaba nikaegesha pembeni. Nikashuka, nikafungua boneti, nikasimama naangalia injini. Kila kitu kizima. Nikashika hiki, nikagusa kile.

Jamaa mmoja aliyekuwa anafunga kibanda chake akaja. "Braza, tatizo nini?"

"Namsubiri apoe."

Akaweka kiganja karibu na kifuniko cha rejeta, akakiacha hapo kidogo, akasikiliza injini.

"Hachemki huyu," akasema. "Nenda tu nyumbani."

Nikafunga boneti, nikaenda.